Za Kawaida Tu

"Kompyuta hii haitapokea tena masasisho ya usalama," Shangazi alitangaza, kama alivyotangaza jana na juzi.

"Nimesikia, mama. Funga mdomo," mpiga chapa alimjibu, akabonyeza kitufe, na Shangazi akanyamaza.

Shangazi hakuwa mtu. Alikuwa sauti ya kike iliyoishi ndani ya kompyuta ya nyumbani na kumsomea mpiga chapa kila kilichoandikwa kwenye skrini, kwa sababu macho yake yalikuwa hayaoni. Alitamka maneno kama mgeni aliyejifunza lugha akiwa safarini kuja, lakini mpiga chapa alikuwa amemzoea kama mtu anavyozoea jino lake lililopinda. Alimwendesha mbio kiasi kwamba mwingine akivaa hedifoni zake alisikia nyuki tu. Jina la Shangazi lilitoka kwa binti wa nyumba: anaongea sana, alisema, anajua kila kitu, na hajaombwa ushauri. Binti mwenyewe walimwita Kasuku, kwa hiyo alijua alichokuwa anakisema.

Kazi ya mpiga chapa ilitoka kwa wakili mmoja, aliyemletea rekodi za mashauri ya wafanyakazi na waajiri wao. Sikio la kushoto lilisikiliza mashahidi, la kulia lilimsikiliza Shangazi akimrudishia alichokiandika, na mguu ulikanyaga kikanyagio cha kusimamisha sauti na kuirudisha nyuma. Wakili alisema hajapata mtu anayeandika safi kama yeye, na hakuwa mtu wa kugawa sifa ovyo.

Mkewe, mwalimu wa chekechea, aliweka kikombe mezani. "Chai kulia kwako, upande wa ukuta," akasema.

Nyumba ile ilikuwa na sheria moja, na waliishika kama sala: ukisogeza kitu, sema. Ndoo ikitoka bafuni, sema. Kiti kikivutwa, sema. Wageni walicheka wakasema wamefika mnadani. Lakini ndani ya kuta zile mpiga chapa alitembea kama mtu mwenye macho yake, akabeba sufuria ya moto kutoka jikoni hadi mezani, na kuna fundi bomba aliyewahi kushinda pale mchana kutwa asigundue lolote.

"Baba Kasuku," mwalimu alisema, "tuongee juu ya hii kompyuta."

"Imefanya nini?"

"Imezeeka."

"Mimi pia nimezeeka. Mbona hujanipeleka kwa fundi?"

"Wewe bado unawaka ukibonyezwa." Alivuta kiti. "Kiti kimetoka. Sikiliza, jana jioni nilijaribu kuingia kwenye ule ukurasa wa mtihani wetu wa walimu. Umenifungia mlango. Unasema mfumo wa kompyuta ni wa kale, niuboreshe kwanza ndipo nijaribu tena. Na mtihani ni Jumamosi."

Mpiga chapa alivua hedifoni, jambo ambalo hakulifanya kwa mazungumzo madogo. "Tukibadilisha mfumo, Shangazi atavuka?"

"Sijui."

"Mimi najua. Programu yake tulipewa na lile shirika la msaada ambalo siku hizi hata ofisi halina. Ikitoka hapa, hairudi. Unakumbuka mara ile alipoharibika?"

Mwalimu alikumbuka. Mumewe alikaa kwenye kiti cha mlangoni msimu mzima, mikono juu ya magoti, akimuuliza kila apitaye ni saa ngapi.

"Basi nifanyeje?" aliuliza.

"Ngoja nimalize kazi ya wakili. Wiki ijayo katikati itakuwa imeisha, tutamwita fundi, tutamuuliza vizuri, tujue pa kuanzia."

"Mtihani hauningoji mpaka wiki ijayo katikati."

"Basi azima kompyuta kwa mtu, Mwalimu wangu. Siku moja tu. Shule nzima hiyo imekosa kompyuta moja?"

Alivaa tena hedifoni. Nyuki wakaanza kuvuma. Mwalimu akarudisha kiti chini ya meza. "Kiti kimerudi," alisema, ingawa alijua sikio la kulia lilikuwa limeshachukuliwa.

*

Shule nzima ilikuwa na kompyuta moja, na ilikaa ofisini kwa mwalimu mkuu ikiwa imefunikwa kitambaa cha kufumwa.

"Hiyo ina siri za ofisi," mwalimu mkuu alisema. Alikuwa mwanamke mnene mwenye sauti nyembamba. "Halafu Jumamosi ofisi imefungwa. Nikikufungulia wewe, kesho kila mtu ananigongea."

"Madamu, mimi ningekaa tu kimya, nikimaliza narudisha ufunguo."

"Mwalimu, wenzako wote wamejitegemea. Tangazo hili lilitoka muda mrefu." Alichukua kalamu, ishara kwamba mazungumzo yamefika ukingoni. "Na usisahau, asiyefaulu hatufukuzi. Ataendelea kuwa nasi, ila kama msaidizi."

Msaidizi maana yake ni kufuta pua, kufunga kamba za viatu, na kuwapeleka watoto chooni wakiwa wameshikana nguo kwa mstari kama sisimizi. Mshahara wake hata kodi ya nyumba usingeimaliza. Mwalimu alikuwa amefundisha watoto kusoma katika darasa lile mpaka wengine wao sasa wana ndevu.

Alijaribu kwa walimu wenzake, akiwa anajua jibu. Mtihani ulikuwa wa watu wote, saa ileile, na kila mmoja alihitaji ya kwake. Mwalimu mmoja kijana, mwenye kompyuta mpya ya kubebea mkononi yenye gamba la waridi, alimsikiliza mpaka mwisho kwa heshima iliyomuumiza zaidi kuliko kukataliwa.

"Dada, ningekupa kwa roho safi. Lakini si unajua na mimi nafanya?"

"Najua, mdogo wangu. Nimeuliza tu."

"Kwani nyumbani si mnayo? Si shemeji anafanyia kazi?"

"Ni ya zamani."

"Iapdeti basi, dada! Siku hizi ni kubonyeza tu." Wote walicheka. Hawakuwa na nia mbaya. Walicheka kama watu wanavyomcheka mtu anayelala na njaa huku amekalia gunia la mchele. Mwalimu naye akacheka, kwa sababu njia nyingine ilikuwa kueleza.

Kwenye duka la intaneti alijibiwa kabla hajamaliza sentensi. Mtihani ulitaka mtu awe peke yake chumbani, mlango umefungwa, kamera ikimtazama. Akionekana mwingine nyuma yake, umefutwa. Pale dukani watu walikaa bega kwa bega, na mwenye duka mwenyewe alipenda kusimama nyuma ya wateja akisoma barua zao.

*

Fundi wa kompyuta alikuwa na kibanda cha mabati kati ya muuza viatu na kinyozi. Alikuwa anakula karanga kwa mkono mmoja, wa pili ukiwa ndani ya tumbo la mashine ya mtu.

"Ya mwaka gani, mama?" aliuliza. Mwalimu akamwambia. Fundi akapiga mluzi. "Hiyo ni bibi. Lakini bibi mwenye nguvu. Itapokea, itakuwa nzito kidogo, lakini itapokea. Nitakuwekea kila kitu kwenye flashi, unachomeka, unabonyeza ndiyo, ndiyo, ndiyo, unaenda kupika."

"Na vitu vyetu?"

"Mafaili hayaguswi. Picha, barua, kila kitu utakikuta."

"Na nisipoipenda, naweza kurudisha ya zamani?"

Fundi akatikisa kichwa. "Diski yenu ni ndogo. Ya zamani lazima ifutwe ili mpya ipate pa kukaa. Ukishavuka, umevuka." Alitema ganda la karanga pembeni. "Kuna programu yoyote maalumu mnayotumia? Maana za zamani nyingine hazivuki. Kama ipo niambie, niitafutie njia kwanza."

Swali lilikuwa limeletwa mpaka mdomoni kwake, kama mtoto anavyoletewa kijiko. Mwalimu aliangalia karanga. Alijua atakachoambiwa. Ataambiwa ngoja, lete mashine niione, nipe siku chache, na siku chache hizo zingekwisha yeye akiwa anafunga kamba za viatu. Akajiambia kwamba pengine Shangazi atavuka. Akajiambia mshahara wake ndio uliolisha nyumba msimu ule wote wa kiti cha mlangoni, na hakuna aliyemuuliza yeye kama amechoka. Yote aliyojiambia yalikuwa na ukweli ndani yake. Ndiyo maana yalimsaidia.

"Hapana," alisema. "Za kawaida tu."

*

Alhamisi mchana mpiga chapa alimfuata wakili kumpelekea sehemu ya kazi, akishikwa mkono na jirani aliyekuwa anaelekea huko. Mwalimu aliwahi kutoka shuleni. Alichomeka flashi. Alibonyeza ndiyo. Mashine ikamuuliza kama ana uhakika, akabonyeza ndiyo tena, kwa nguvu, kama anayegonga muhuri.

Skrini ikawa ya buluu, na namba ikaanza kupanda taratibu. Hakwenda kupika. Alikaa akiitazama, mikono mapajani, na hivyo ndivyo Kasuku alivyomkuta aliporudi shule.

"Begi langu liko mlangoni, nalitoa sasa hivi!" Kasuku alipiga kelele kwa mazoea, kisha akaona baba hayupo. Akasogea. "Mama, unafanya nini?"

"Naitengeneza."

"Baba anajua?"

"Atajua."

"Na Shangazi je?"

"Kavue sare, Kasuku. Na usinihoji kama polisi."

Mtoto hakuvua sare. Alisimama nyuma ya kiti cha mama yake, mara hii akiwa kimya kabisa, wakaitazama namba wote wawili mpaka ikafika mia. Mashine ikazima, ikawaka, ikaleta picha ya ziwa na milima mizuri ajabu. Ilikuwa safi na ya kisasa. Mwalimu alijaribu ukurasa wa mtihani, mlango ukafunguka. Kisha alibonyeza vile vitufe viwili ambavyo mumewe huvibonyeza kumwamsha Shangazi. Hakuna kilichotokea. Akabonyeza tena. Ziwa likatulia vilevile.

Mpiga chapa alirudi amechangamka. Wakili alikuwa amemwongezea kazi. "Na amesema nikimaliza hii atanitambulisha kwa mwenzake," alisema akivua koti, akalitundika kwenye msumari bila kupapasa. Alivuta kiti, akakaa, akavaa hedifoni, vidole vikaenda vyenyewe mahali pake.

Mwalimu alisimama jikoni akiosha kikombe ambacho kilishakuwa safi.

Vidole viligonga. Vikangoja. Vikagonga tena, taratibu zaidi, kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba ambayo wenyewe wamehama.

"Mwalimu," aliita, "Shangazi amenyamaza."

"Amenyamaza?"

"Hebu niangalizie. Skrini inasemaje?"

Alikuja, akasimama nyuma yake, akaangalia alichokuwa anakijua. Na hapo, katika nafasi ndogo ambayo angeweza kusema chochote, alisema, "Naona kama mfumo umebadilika. Labda imejiapdeti yenyewe. Siku hizi zinajiapdeti zenyewe."

Ilitoka nyepesi. Alishangaa jinsi ilivyotoka nyepesi.

Mpiga chapa alipapasa kibodi yote kutoka pembe hadi pembe. "Ilikuwa inanionya," alisema mwishowe. "Kila asubuhi inanionya, na mimi namwambia funga mdomo. Ni uzembe wangu."

"Si uzembe wako."

"Wa nani sasa?" Akageuza uso kuelekea mlango wa chumba. "Kasuku! Njoo, mwanangu. Jana ulipofanya kazi zako za shule, ulizima intaneti ulipomaliza?"

Kasuku alikuja mpaka katikati ya chumba. Alimtazama mama yake. Ulikuwa mtazamo mrefu, na baba mtu, aliyekuwa hatua mbili tu kutoka hapo, hakuuona. Mwalimu hakutikisa kichwa. Hakukubali wala hakukataa. Hakufanya lolote.

"Nilisahau, baba," Kasuku alisema.

"Njoo hapa." Alimvuta, akamshika mabega. "Usilie. Sikugombi. Mtu akiharibu kitu akasema, ameshakilipa nusu yake. Umesikia?"

"Nimesikia."

Mwalimu alirudi jikoni kwenye kikombe chake.

*

Simu kwa wakili ilipigwa kwa sauti ya nje, kwa sababu mpiga chapa hakuwa na siri na watu wake.

"Mheshimiwa, kumetokea uzembe hapa nyumbani," alisema. Alikuwa amesimama wima kama wakili yumo chumbani. "Kompyuta imejibadilisha. Ni mimi sikuwa makini. Nitahitaji muda kidogo."

"Pole sana, ndugu yangu. Muda kiasi gani?"

"Kuna programu nyingine ya bure, fundi ataniwekea. Lakini vitufe vyake si vilevile. Na kile kikanyagio changu kimekataa kusoma. Siwezi kukudanganya, sijui."

Wakili alikuwa mtu mstaarabu, na watu wastaarabu wakikufukuza unachelewa kujua. "Basi pumzika kwanza," alisema. "Hizi rekodi nitampa kijana mmoja hapa anisaidie. Ukiwa tayari, wewe mwenyewe utaniambia."

"Na yule mwenzako, mheshimiwa?"

"Tutaona. Salimia nyumbani."

Mpiga chapa alikata simu. "Mnasalimiwa," aliwaambia.

Jumamosi asubuhi alitoa kigoda nje, akakaa mlangoni, mgongo wake umeuziba mlango. Mwalimu alimwambia si lazima. Mumewe akamjibu ni lazima. Kama kompyuta imeshaharibika, basi angalau iharibike kwa faida ya mtu. Alisema hivyo akicheka. Kutoka ndani, huku kamera ikimtazama, mwalimu alimsikia akifanya kazi ya ulinzi.

"Shh! Kuna mtihani humu."

"Mtihani wa nani tena, Baba Kasuku? Ninyi si mlishamaliza shule?"

"Wa Mama Kasuku. Pitisha huo mkokoteni kwa adabu, mzee. Ubebe ikibidi."

Maswali hayakuwa magumu. Yaliuliza hatua za ukuaji wa mtoto na namna ya kupanga kona za darasa. Mwalimu aliyajibu kama mtu anayekunja nguo, na mara mbili alijikuta amesimamisha mkono, akisikiliza mgongo wa mumewe ukikwaruza mbao za mlango. Mwisho wa yote matokeo yakatokea papo hapo, kwa rangi ya kijani. Amefaulu, na vizuri.

Mpiga chapa alipiga makofi kuliko mtu mwingine yeyote angepiga. Alimtuma Kasuku dukani kununua soda, akaisimamia kama harusi. "Kwa Mwalimu!" alisema, akainua chupa. "Nyumba haijakaa bila mtu wa kutegemewa." Kasuku aliishika soda yake mpaka ikaisha baridi. Hakuinywa.

*

Fundi alikuja baadaye siku hiyohiyo akaweka ile programu ya bure. Sauti yake ilikuwa ya kiume, nzito, isiyo na haraka. Ilipoanza kusema, mpiga chapa aliuliza, "Huyu nani?" na fundi akacheka. Hakukuwa na kitufe kilichobaki mahali pake. Mtu aliyekuwa akiandika shauri zima kati ya chai ya asubuhi na chakula cha mchana sasa alitafuta herufi moja moja, akikosea, akifuta, akimuuliza fundi maneno yaleyale mara tatu kwa sauti ya unyenyekevu. Fundi alipokuwa anaondoka alimtazama mwalimu, akatazama hedifoni za mumewe, akafungua mdomo, kisha akaufunga. Alichukua ujira wake, akaondoka bila kuaga vizuri.

Jumapili baada ya chakula, mwalimu na Kasuku walikuwa wanaosha vyombo. Mpiga chapa alikuwa chumbani, na sauti ile nzito ilisikika ikitaja herufi: a, a, futa, e.

"Mama," Kasuku alisema bila kumtazama, "ile yangu utaniondolea lini?"

"Ipi?"

"Ile ya intaneti."

Mwalimu aliweka sahani chini. Kwa miaka yote alikuwa anawafundisha watoto wa watu wasimsingizie mwenzao. Aliwasimamisha mbele ya darasa, akawaambia waseme kwa sauti, mimi ndiye niliyechora ukuta. Wadogo wale walisema, wakilia makamasi, na walikuwa na umri wa miaka minne.

Alijifuta mikono, akaenda.

"Baba Kasuku, vua hizo hedifoni."

Alivua. Mwalimu alibaki amesimama, kwa sababu alijua akikaa hatasema.

"Kompyuta haikujiapdeti. Ni mimi. Nilileta flashi kutoka kwa fundi, Alhamisi, ulipokuwa kwa wakili. Mtoto hakusahau chochote. Alinikuta nafanya."

Ile sauti nzito ilikuwa bado inasema mezani, ndogo, ndani ya hedifoni. Mpiga chapa akaizima. Ilimchukua muda kukipata kitufe.

"Ulifikiri Shangazi atavuka?"

Angeweza kusema ndiyo. Alitamani. "Nilitaka avuke," alisema.

"Sikukuuliza hilo."

"Sikufikiri atavuka."

"Na fundi, yule ni mtu makini. Hakukuuliza kama kuna programu maalumu?"

"Aliuliza."

"Ukamjibuje?"

"Nikamwambia za kawaida tu."

Mpiga chapa akaitikia kwa kichwa, polepole, kama mtu aliyetajiwa bei na kuona ni ileile aliyoikisia. "Ungeniambia," alisema, "ningekataa. Ungekasirika. Tungegombana mpaka usiku, na asubuhi ningekubali, kwa sababu ulikuwa na haki. Si ndivyo tulivyo? Ningempigia wakili mwenyewe, ningemwambia nabadilisha mashine, nipe wiki mbili. Angenipa. Mtu anayejipanga hupewa. Anayesema uzembe hapewi."

"Nisamehe."

"Umeniacha nikamshika mtoto mabega."

"Najua."

"Mwite."

Kasuku hakuwa mbali. Alikuwa nyuma ya pazia la mlango. Baba yake alimpapasa kichwa, akamwomba radhi kwa maneno kamili, kama anavyoombwa mtu mzima, na Kasuku akaanza kulia kwa sauti ile aliyokuwa ameibana tangu Alhamisi. Alipotulia, mpiga chapa alimgeukia mkewe. Hakukunja uso.

"Umesema. Yameisha," alimwambia. "Kesho nitampigia wakili, nitamweleza ilivyokuwa. Nawe usijitese, kazi yako imepona, na hiyo ndiyo inayotulisha kwa sasa. Nitajifunza huyu mzee wangu mpya. Yameisha, Mwalimu."

Alikuwa anamaanisha. Hilo mwalimu alilijua, na lilimpa usingizi.

Asubuhi aliamka mapema, akafagia sebule kabla ya kwenda kazini. Alikuwa anasogeza viti kwa uangalifu, akivitaja kimoja kimoja, kwa sauti ya kusikiwa na mtu aliye chumbani. Ndipo aliposikia mlio asioujua mle ndani. Tok. Kimya. Tok, tok.

Mpiga chapa alitokea kwenye mlango wa chumba, ameshika fimbo yake nyeupe. Fimbo ile ilikuwa ya njiani. Ilikaa imekunjwa kwenye mfuko wa koti, haikuwahi kufunguliwa ndani ya nyumba. Sasa ilitangulia mbele yake juu ya sakafu, kushoto, kulia. Iligusa mguu wa meza, ikajua. Iligusa kizingiti cha jikoni, ikajua. Alitembea taratibu, bila hasira, kichwa kimeinama kidogo, kama watembeavyo wasioona katika nyumba za watu.

"Njia ni nyeupe, Baba Kasuku," mwalimu alisema. "Viti vyote vimerudi."

"Ahsante."

Aliendelea kupima. Mwalimu alikuwa amesimama katikati ya chumba na ufagio mkononi. Hakusogea, maana hakujua asogee upande gani. Ncha ya fimbo ilikuja ikigonga sakafu, ikamgusa kidole cha mguu, ikasimama.

"Samahani," mumewe alisema, kwa upole kabisa, kama anavyoambiwa mpita njia, akamzunguka, akaenda kutafuta chai.